Mkazo wa Kifaransa: wa Neno au wa Fungu?

Kiswahili kimetuzoesha raha. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na mkazo, ambao wengine huuita shadda, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Mara chache huweza hata kubadili maana, kama baraBAra ya lami na baRAbara ya sawasawa.

Kifaransa hakina jozi ya namna hiyo. Tunafundishwa kwamba mkazo wake hukaa mwishoni, lakini mwisho wa nini? Ukisema un chat (paka), mkazo uko kwenye chat. Ongeza rangi, un chat noir, nao huhamia noir, chat ikabaki mikono mitupu. Unafuata fungu la maneno yanayotamkwa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kuuita “mkazo wa neno” ni kumpoteza mwanafunzi. Napendelea “mkazo wa fungu”.

Asili yake ni Kilatini. Neno amicum (rafiki) lilikazwa kwenye -mi-, ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Karne kwa karne sauti zilizofuata zikapukutika, ikabaki ami, na mkazo ukajikuta mwishoni.

Silabi nazo haziheshimu mipaka ya maneno. Les amis hutamkwa le-za-mi: ile s iliyokuwa kimya huamka ikawa z na kuingia neno la pili. Partir hukatwa par-tir, lakini patron ni pa-tron, kwa kuwa t ikifuatwa na r haziachani.

Kasheshe ni e isiyo na alama. Une petite table (meza ndogo) katika mazungumzo ya haraka ni silabi tatu tu. Katika ushairi wa jadi, ikimaliza mshororo, ni mizani sita, u-ne-pe-ti-te-ta, maana ile -ble ya mwisho haihesabiwi. Hiyo ni nusu kamili ya mshororo wao mashuhuri wa mizani 12, unaogawanyika sita kwa sita kama wetu wa 16 unavyogawanyika nane kwa nane.

Na alama za é, è na ê? Aghalabu huonyesha irabu itamkwe vipi, mkazo haumo. Katika mérite, silabi inayokazwa ni -rite. Wafaransa huita vyote viwili accent. Sisi tunayo maneno mawili, alama na mkazo. Walimu, tusiyachanganye.