Ezekieli na Mto Unaopimwa

Hapa Koni, maji ya Mto Lufira yakishatoka bwawa la Mwadingusha huzungusha mitambo ya umeme. Nabii Ezekieli naye alipata maono yake ya kwanza kando ya maji: Mto Kebari, Babeli, mwaka 593 K.K.

Maono makubwa ndiyo nguzo za kitabu chake. Katika sura ya 8 hadi 11, utukufu wa Mungu unaondoka hekaluni kuelekea mashariki. Katika sura ya 43 unarudi kutoka upande huohuo.

Sura ya 47 isomwe polepole. Mjumbe wa Mungu anapima dhiraa 1,000 mara nne kando ya maji yanayotoka hekaluni: yanafika vifundoni, magotini, kiunoni, kisha hayavukiki tena. Wengi huruka vipimo hivyo, na hapo wanapoteza utamu. Maji hayo yakiifikia Bahari ya Chumvi, inapona, ila vinamasi vyake vinaachiwa chumvi yao.