Mizigo Iliyobaki Yambuya

Usiku ule tulipokimbia vita huku kwetu Ituri nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mama alichukua sufuria, chumvi, kiberiti, panga na blanketi moja. Baba alimbeba bibi mgongoni. Jirani yetu, fundi wa nguo, alitoka nyumbani na cherehani yake nzima, yeye ameshika upande mmoja na mkewe upande wa pili: kichwa, meza na miguu yake ya chuma. Baba akamwambia: «Fundi, iache hiyo, utakufa nayo.» Fundi akajibu: «Nikiiacha, watoto watakula nini huko tuendako?» Baba hakuwa na jibu. Tukaenda.

Miaka ikapita. Nilipokuwa seminarini nikasoma habari za safari ya Bula Matari, yaani Bwana Stanley, aliyepita katika pori letu hili hili mwaka 1887. Mara nikamkumbuka fundi. Maana swali lilikuwa lile lile: mtu anayeingia mahali pa hatari abebe nini, na ni wakati gani vitu vya kumwokoa vinageuka kuwa vya kumwua? Basi niwasimulie habari ya Yambuya. Wengi waliokufa huko walikuwa Wangwana, watu wa Unguja, na walisema lugha hii ninayoiandika.

Mwaka 1885, mwezi wa Januari, majeshi ya Mahdi yaliuteka mji wa Khartoum katika Sudani, na Gordon akauawa. Kusini kabisa alibaki Emin Pasha, mganga Mjerumani, aliyetawala jimbo la Ekwatoria kwa niaba ya Misri. Njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa. Huko Uingereza matajiri wakakusanyika, mkubwa wao William Mackinnon, wakatoa fedha ili apelekewe msaada, na Serikali ya Misri ikaongeza pauni 10,000. Tusidhani ilikuwa huruma tupu. Walifikiri biashara pia, na habari za pembe nyingi za ndovu za Emin zilikuwa zimewafikia. Naye Mfalme Leopold wa Pili alitaka safari ipite katika Kongo yake, si katika njia fupi ya mashariki. Ndiyo maana watu waliochukuliwa Unguja mwezi wa Februari 1887 walizungushwa kwa meli kupita kusini mwa Afrika yote, hata wakashuka Banana, mlangoni mwa mto Kongo, mwezi wa Machi.

Sasa tazameni mizigo. Kulikuwa na risasi za bunduki kwa maelfu na maelfu kwa ajili ya Emin, na baruti. Kulikuwa na bunduki ya Maxim, ambayo siku zile ilikuwa kitu kipya kabisa. Kulikuwa na mitumba ya nguo, shanga, na mitako ya shaba ya kununulia chakula njiani. Kulikuwa na hema, masanduku ya dawa, na mashua ya chuma yenye urefu wa futi 28, iliyofunguliwa vipande 12 ili ibebwe na watu. Tena duka moja mashuhuri la London lilifunga chakula kizuri cha Wazungu, mizigo 40 mizima. Mzigo mmoja ulikuwa ratili 60 hivi, ndiyo kilo 27. Hakuna punda aliyeweza kuishi katika pori lile. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa cha mtu.

Hapa ndipo penye hesabu ambayo wengi huisahau, hata sisi tunapofunga mifuko yetu. Mpagazi naye anakula. Tuseme anakula kilo moja ya unga kwa siku: basi mzigo wake wote, ukiwa wa unga mtupu, umekwisha kabla ya mwezi kwisha, naye hajabeba kitu kingine chochote. Msafara hauwezi kubeba chakula chake wenyewe kwa safari ndefu. Lazima ule vya wenyeji, kwa kununua au kwa kunyang’anya. Na kila mzigo unaoongezwa unaongeza mdomo. Bula Matari alichukua Wangwana zaidi ya 600, pamoja na Wasudani na Wasomali wachache. Tippu Tip naye alipanda meli ile ile na watu wake karibu 100. Katika vijiji vya pori, ambako mashamba yanatosha wenyewe tu, msafara wa namna hiyo ni kama nzige.

Walipofika Leopoldville meli zilizoahidiwa hazikutosha, nyingine zilikuwa mbovu. Wakaazima meli ndogo za misioni za Waprotestanti, na hata hivyo mizigo mingi na watu wengine ikabidi waachwe nyuma, huko Leopoldville na Bolobo. Katikati ya Juni 1887 wa kwanza wakafika Yambuya, juu ya mto Aruwimi. Hapo Bula Matari akaugawa msafara. Tarehe 28 Juni akaingia porini na watu 389. Akamwacha Meja Barttelot, kijana wa miaka 28, alinde mizigo na kuwangojea wale wa nyuma. Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, alikuwa ameahidi wapagazi 600. Watakapofika, Barttelot afuate.

Wapagazi hawakufika. Barttelot alikwenda Stanley Falls mara nyingi kumsihi Tippu Tip. Siku zikawa miezi. Nani alikosa? Wazungu walimlaumu Tippu Tip; upande wa Tippu Tip ulisema baruti aliyoahidiwa kwa ajili ya watu wake hakupewa. Mimi sitaki kuamua kesi hiyo. Nataka tuangalie kambi yenyewe.

Katikati ya kambi kulikuwa na ghala la mizigo, limezungushiwa boma la miti. Kando yake walikaa Wangwana na Wasudani. Walipewa mitako michache wanunue chakula, lakini wenyeji walikuwa wamehama kwa hofu, na waliobaki hawakuuza nyama wala samaki ila kidogo sana. Kilichopatikana ni mihogo ya mashamba yaliyoachwa. Nayo ilikuwa mihogo michungu! Mama yeyote wa kwetu anajua kazi yake: kumenya, kulowesha majini siku tatu nne hata ilainike na sumu itoke, kuanika, kutwanga. Watu wa Unguja walikuwa wamezoea mihogo mitamu, ambayo unaichoma tu na kuila. Wakala ile michungu vivyo hivyo, mibichi au imepikwa haraka. Wakakonda, matumbo yakaharibika, vidonda vikaenea, wakazikana siku kwa siku. Aliyeiba chakula alichapwa viboko. Masanduku ya dawa yalikuwapo, na mitumba ya nguo, na risasi za kutosha jeshi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia: loweshe­ni kwanza. Maarifa hayo hayana uzito hata wa nusu ratili.

Mtu atauliza: kwa nini hawakuondoka? Bula Matari alikuwa amewaachia barua. Ilisema kwamba wapagazi wa Tippu Tip wasipotosha, wavitupe vitu visivyo vya lazima, waende polepole, wakirudia njia mara mbili na zaidi mpaka mizigo yote ivuke. Ruhusa ya kutupa walikuwa nayo kwa maandishi. Lakini jaribuni kujiweka mahali pa Barttelot. Kila sanduku lilikuwa limenunuliwa kwa fedha za wakubwa wa London, kila moja lina namba yake katika daftari. Kutupa baruti? Ndiyo msaada wenyewe. Kutupa nguo? Ndiyo fedha ya njiani. Wale mabwana wa kambi waliona haiwezekani kwenda, wakaona pia haiwezekani kutupa. Wakakaa. Mwaka mzima karibu wakakaa, na kaburi baada ya kaburi likachimbwa ili mizigo isipotee.

Mwezi wa Juni 1888 Wamanyema mia nne na zaidi wakaletwa hatimaye. Tippu Tip akaitazama mizigo akasema ni mizito mno, watu wake hawatabeba ratili 60 katika pori lile. Ipunguzwe iwe 40. Basi wakaanza kufungua masanduku, kupima na kufunga upya. Nadhani hapo ndipo neno la akili liliposemwa katika habari hii yote, nalo lilitoka kwa mtu aliyepata mali yake kwa pembe na watumwa. Ukweli hauchagui kinywa.

Tarehe 11 Juni wakaondoka. Tarehe 19 Julai, katika kijiji cha Banalya, Barttelot akapigwa risasi, baada ya ugomvi na mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma alfajiri. Aliyempiga alikuwa mumewe. Bula Matari aliporudi kuwatafuta, tarehe 17 Agosti 1888, alikuta Mzungu mmoja tu, Bonny, na katika watu zaidi ya 250 walioachwa nyuma, waliobaki walikuwa kama mia, wengi wao mifupa mitupu. Tena akakuta jambo lingine. Kwa kuwa ilivuma kwamba amekufa, nguo zake mwenyewe zilikuwa zimerudishwa chini ya mto, Bangala. Yeye aliyevuka bahari na mamia ya mizigo hakuwa na nguo za kubadili.

Na wale waliotangulia? Wao walionja njaa ya namna nyingine. Mwanzoni mwa Oktoba 1887 Kapteni Nelson aliachwa kando ya mto na wagonjwa 52 na mizigo 81, hakuna wa kuibeba. Msaada uliporudi baada ya majuma matatu, walibaki wachache sana. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekwenda kutafuta chakula hawakurudi. Huko Ipoto, kwenye kambi ya Wamanyema, Wangwana wenye njaa walitoa bunduki na risasi wapate mahindi. Bula Matari alikasirika, akamnyonga mmoja kwa ajili ya bunduki. Lakini mwenye njaa alikuwa amekwisha fanya hesabu yake: bunduki hailiwi. Walipotoka porini na kuona majani ya mbuga, mwanzoni mwa Desemba, hawakufika nusu ya wale 389. Wenyeji wa pori lile lile, Wambuti, walikuwa wakihama kambi na nyavu zao, pinde zao, na kaa la moto lililofungwa katika majani. Najua, mtu atasema Wambuti hawapeleki risasi kwa pasha yeyote. Ni kweli, na hiyo ni sehemu ya akili yao.

Lakini nisije nikawadanganya wasomaji kwamba dawa ni kutupa kila kitu. Kuna ile mashua. Tangu Yambuya ilikuwa imewasaidia sana, ikapandisha wagonjwa na mizigo juu ya mto. Ila nguvu zilipowaishia, wakaiacha Ipoto. Mwezi wa Desemba 1887 wakafika Ziwa Albert, ambako Emin alikuwa na meli zake mbali kidogo kaskazini, na hawakuwa na chombo cha kumfikia. Mitumbwi ya kufaa hawakupata, mti mkubwa wa kuchonga haukuwapo. Ikawabidi warudi porini, wajenge ngome, waitume mashua ichukuliwe Ipoto, kisha waende ziwani tena. Emin walimwona tarehe 29 Aprili 1888, zaidi ya miezi minne baadaye. Vitu vingi vilivyobebwa havikufaa, na kile kimoja kilichofaa ndicho walichokosa siku ya haja. Tena Emin ndiye aliyewapa wao nguo na chakula! Wao walimkabidhi masanduku 31 ya risasi. Kwa ajili ya masanduku hayo njia yote ile.

Mwezi wa Aprili 1889 wakaanza safari ya kwenda pwani pamoja na watu wa Emin, watu 1,500 hivi, wanaume, wanawake na watoto. Bula Matari akachukizwa kuona wanavyovileta: mawe ya kusagia, vitanda, masufuria makubwa ya shaba, masanduku ya zamani. Akaamuru vitupwe. Huenda alikuwa na haki, maana wabebaji walikuwa wenyeji waliolazimishwa. Lakini nikisoma mahali hapo huwafikiria wale wanawake. Jiwe la kusagia si upuzi kwa mama asiyejua kama atarudi. Aliyewaambia watupe alikuwa amewazika watu kwa ajili ya masanduku yake, nayo hayakuwa na kazi zaidi ya jiwe lile. Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Katika Wangwana waliotoka Unguja, hata nusu yao hawakurudi.

Fundi wetu alikwenda na cherehani yake mpaka mto wa kwanza. Hapo maji yalikuwa yamejaa, na daraja lilikuwa gogo moja. Akaketi. Baba alidhani ameshindwa, akataka kumvuta. Kumbe alikuwa akitafuta bisibisi mfukoni. Akafungua misumari gizani, kwa kupapasa, akaiacha meza na miguu ya chuma majanini, akafunga kichwa cha cherehani katika kitenge cha mkewe, akavuka. Kambini alikipigilia juu ya ubao wa sanduku la sabuni, akawa anazungusha kwa mkono. Shati nililovaa siku niliyopokelewa seminari ndogo lilishonwa juu ya ubao ule.