Kubadilisha kebo ya handbreki iliyoganda kwenye gari la zamani

Handbreki ni kifaa ambacho madereva wengi hukikumbuka siku kinapokataa kazi. Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka, siku hiyo inaweza kuwa ya hasara kubwa. Chukua mfano wa Rusumo, ambako barabara itokayo Tanzania kwenda Rwanda hushuka hadi kwenye daraja la mto Kagera. Gari lililosheheni mzigo likisimama kwenye mteremko wa namna hiyo, kisha dereva akashuka kwenda kugonga mihuri, kinacholizuia lisiserereke na kugonga watu ni waya mmoja mwembamba wa chuma uliopita chini ya bodi.

Makala hii inaeleza jinsi ya kutambua kebo iliyoganda na jinsi ya kuibadilisha nyumbani. Mfano tunaoutumia ni magari madogo ya Toyota yenye breki za dramu nyuma, kama Corolla za miaka ya 1990 na Probox za mwanzo, ambazo hubeba mizigo mingi ya wafanyabiashara wa kanda hii. Magari mengine hufanana nayo kwa mengi, lakini tofauti chache ni za hatari na tumezitaja mwishoni.

Kebo inavyofanya kazi

Mpini wa handbreki huvuta waya. Waya huo huishia kwenye kipande cha chuma kinachogawa mvuto sawasawa kwa kebo mbili za nyuma, moja ya gurudumu la kushoto na nyingine ya kulia. Kila kebo ni waya uliosokotwa unaoteleza ndani ya ganda. Ndani ya dramu, ncha ya kebo hukamata wenzo uliofungwa kwenye kiatu cha breki. Wenzo ukivutwa, viatu vyote viwili hutanuka na kubana dramu.

Ukishusha mpini, hakuna kitu kinachousukuma waya kurudi isipokuwa springi zilizo ndani ya dramu. Springi hizo si za nguvu nyingi. Ndiyo maana kutu kidogo tu ndani ya ganda kinatosha kuizuia kebo isirudi, hata kama bado una nguvu za kuivuta.

Kwa nini huganda

Adui wa kebo ni maji. Mpira wa kuziba ncha ya ganda ukipasuka, maji na vumbi huingia, grisi huisha na kutu huanza. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani huenda yakafika bandarini yakiwa tayari na kutu chini, kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani huko kuyeyusha theluji. Gari linalokaa pwani, kama Mombasa, Tanga au Unguja, hupata chumvi ya hewa ya bahari. Wanaobeba samaki wa baharini wajue pia kwamba maji yanayochuruzika kutoka kwenye matenga huteremka mpaka chini ya bodi.

Sababu nyingine ni kutotumia. Wenye gari la otomatiki wengi huegemea herufi P peke yake na hawagusi handbreki kwa miezi. Kebo isiyotembea huganda upesi.

Dalili

Kebo huganda kwa namna mbili. Ya kwanza, inaganda ikiwa imelegea. Ukivuta mpini unakuwa mgumu, au unapanda sana lakini gari linasogea. Ya pili, inaganda ikiwa imevutwa. Mpini umeshuka lakini viatu bado vinabana. Gari linakuwa zito, mafuta yanaliwa zaidi, na gurudumu moja la nyuma linatoa joto na harufu ya kuungua.

Namna ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa safari ndefu. Joto la dramu huweza kuchemsha mafuta ya breki yaliyo kwenye silinda ya gurudumu hilo. Mafuta yakichemka hutoa mapovu, na pedali ya breki huzama mguuni wakati gari liko kwenye mteremko. Ukihisi harufu hiyo, simama mahali tambarare. Usimwagie dramu maji baridi kwa sababu inaweza kupasuka.

Hakikisha tatizo ni kebo kabla ya kununua

Wengi hununua kebo kumbe ubovu uko ndani ya dramu. Inua magurudumu ya nyuma kwa utaratibu ulioelezwa hapa chini, shusha handbreki, kisha zungusha kila gurudumu kwa mkono. Ukipata linalobana, legeza kabisa nati ya kurekebishia iliyo kwenye mpini. Tairi likiwa huru, kebo ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Likiendelea kubana, fungua dramu na uchomoe ncha ya kebo kwenye wenzo wa kiatu.

Sasa vuta waya kwa koleo kisha uusukume urudi. Waya mzima huteleza bila kukwaruza. Usipotembea, au ukitembea kwa kurukaruka, kebo ndiyo mbovu. Ikiwa waya unateleza vizuri lakini wenzo wa kiatu haurudi, kasoro iko kwenye egemeo la wenzo, springi au silinda ya gurudumu, na kebo mpya haitasaidia.

Kumiminia kebo mafuta ya kulegeza kutu ni dawa ya siku chache tu. Mafuta hayo huondoa grisi iliyobaki, na yakichuruzika hadi kwenye viatu vya breki yataharibu viatu pia.

Kununua kebo

Nenda dukani na namba ya chesisi kutoka kwenye kadi ya gari. Kama unaweza, nenda na kebo ya zamani. Iwe unanunua Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au soko la Kisekka jijini Kampala, linganisha mambo manne: urefu wa ganda, urefu wa waya unaotoka nje ya ganda, umbo la ncha zote mbili, na mahali pa vishikizo vya kufungia bolti. Kebo ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani. Usinunue kebo iliyotumika, maana kutu cha ndani hakionekani kwa macho. Kama moja imeganda kwa uzee, badilisha zote mbili za nyuma, kwa kuwa zina umri mmoja.

Vifaa

Jeki, stendi mbili imara, kabari mbili za matairi, spana za kawaida na boksi spana, koleo, bisibisi, bolti mbili za milimita 8, grisi ya breki inayostahimili joto, barakoa na taa. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala usitumie matofali badala ya stendi. Tofali hupasuka bila kutoa onyo.

Hatua za kazi

1. Egesha mahali tambarare na pagumu. Legeza nati za matairi ya nyuma kidogo. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi la mbele, tia gia ya kwanza, au P kwa otomatiki. Inua nyuma, weka stendi, kisha shusha handbreki.

2. Fungua kasha la plastiki linalozunguka mpini. Legeza nati ya kurekebishia mpaka kebo ziwe legelege, kisha zichomoe kwenye kipande kinachogawa mvuto. Katika baadhi ya magari kipande hicho kiko chini ya bodi, juu ya bomba la moshi, nyuma ya bati la kuzuia joto. Subiri bomba lipoe kwanza.

3. Toa tairi na dramu. Dramu ikikataa, tazama matundu mawili madogo yenye njia za bolti usoni mwake. Ingiza bolti za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka dramu isukumwe nje. Usiipige kwa nyundo pembeni.

4. Usipulize vumbi la breki. Viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Vaa barakoa, lowesha vumbi na ulifute kwa kitambaa utakachokitupa.

5. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa springi yoyote. Fanya upande mmoja kwanza na uache mwingine umefungwa, ili uwe na kielelezo. Chomoa ncha ya kebo kwenye wenzo wa kiatu.

6. Toa ganda la kebo kwenye bamba la nyuma ya dramu. Baadhi limefungwa kwa bolti. Lingine lina meno ya chuma yanayojitanua. Pitisha spana ya duara inayolingana nayo ili iyabane yote kwa pamoja, kisha vuta.

7. Fungua vishikizo vilivyo chini ya bodi. Pitisha kebo mpya njia ileile ya zamani. Isikunjwe kwa kona kali, isiguse bomba la moshi, wala isining'inie karibu na springi za gari. Funga vishikizo vyote. Kebo isiyofungwa vizuri hukatika kwa kusuguliwa.

8. Paka grisi kidogo kwenye egemeo la wenzo na mahali viatu vinapogusa bamba. Grisi isiguse uso wa kiatu wala ndani ya dramu. Rudisha kila kitu kwa kufuata picha.

Marekebisho: anza kwenye dramu, malizia kwenye mpini

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi mwenye haraka hukaza nati ya mpini mpaka handbreki ishike, kisha hufunga kasha. Kwa kufanya hivyo, wenzo ndani ya dramu hubaki umevutwa kidogo hata mpini ukiwa chini. Viatu huanza kuungua, na kifaa kinachojirekebisha chenyewe hakifanyi kazi sawasawa. Baada ya muda mfupi gari hurudi na tatizo lilelile, na kebo ndiyo inayolaumiwa.

Utaratibu sahihi ni huu. Nati ya mpini ikiwa bado imelegea, zungusha nyota ya kurekebishia viatu mpaka dramu iingie kwa kugusa kidogo. Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa ili viatu vikae katikati. Ndipo ukaze nati ya mpini, huku ukihesabu milio ya meno yake. Katika Corolla nyingi za miaka ya 1990 handbreki hutakiwa kushika kati ya mlio wa 4 na wa 7. Kwa gari lingine fuata kitabu chake.

Vuta mpini kwa nguvu mara 10 ili kebo mpya inyooke, kisha hesabu tena. Shusha mpini na uzungushe matairi yote mawili. Yote yawe huru. Rudisha gari chini na ukaze nati za matairi kwa mtindo wa msalaba.

Kupima

Tafuta mteremko mdogo usio na watu. Msaidizi asimame pembeni akiwa na kabari, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari. Vuta handbreki, weka gia huru, achia pedali taratibu. Geuza gari na urudie, kwa sababu breki inayoshika kwenda mbele inaweza kuteleza kurudi nyuma. Kisha endesha kilomita chache na upeleke kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Joto likitofautiana sana, fungua tena. Baada ya wiki moja hesabu milio upya, maana kebo mpya hulegea kidogo.

Tahadhari kwa magari mengine

Hiace na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma: gia haitakuzuia wakati wa kazi hii, kwa sababu magurudumu yanayoshikwa na gia ndiyo uliyoyainua. Tegemea kabari za mbele, na weka gia huru unapojaribu kuzungusha tairi.

Canter na malori madogo ya namna hiyo: mengi yana handbreki inayoshika propela nyuma ya gia boksi, si magurudumu. Ukiinua tairi moja tu la nyuma, difu huliruhusu lizunguke na gari lote linaweza kuondoka hata kama handbreki imevutwa. Weka kabari kabla ya kugusa jeki.

Malori makubwa yenye breki za upepo: handbreki yake haina kebo ya kwenda kwenye magurudumu. Hushikwa na springi kubwa zilizobanwa ndani ya makopo ya breki, na upepo ndio unaoziachia. Springi hiyo ikifyatuka inaua. Usifungue kopo hilo nyumbani. Mpelekee fundi mwenye vifaa vyake.

Ukikwama safarini

Kebo ikiganda ikiwa imevutwa, zuia matairi kwa kabari, legeza nati ya mpini, na usiendelee na safari kabla gurudumu halijawa huru. Ikiganda ikiwa imelegea, egesha tambarare. Mteremko ukikulazimu, tia gia ya kwanza gari likitazama juu, au ya rivasi likitazama chini, kata usukani kuelekea ukingoni na uweke kabari kabla ya kushuka. Kabari mbili za mbao hazichukui nafasi kwenye buti, na ndizo zitakazolishikilia gari mpaka ufike kwa fundi.

Baada ya matengenezo, vuta handbreki kila unapoegesha, hata kwa gari la otomatiki, na utazame mipira ya kuzibia kila unapobadilisha oili. Kebo inayotembea kila siku na isiyoingiwa na maji hudumu miaka mingi.