Jeraha la Baridi na Asilimia ya Ulemavu

Leo tunazungumzia jeraha lisilotoka damu: jeraha la baridi.

Usiseme Lambwe kuna joto, halituhusu. Mwaka 1944 askari wa Keya kutoka Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw, Burma, msimu wa mvua kubwa, katika maji na matope. Mguu ukilowa siku nyingi, hata pasipo barafu, mishipa ya damu hubana na neva hudhoofika. Ganzi na maumivu yanaweza kubaki miaka mingi.

Sasa sikiliza yaliyowapata askari wa Marekani. Novemba na Desemba 1950, huko Chosin nchini Korea, baridi ilifika karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Wengi waliganda vidole wakatibiwa palepale vitani, bila kuandikwa popote. Uzeeni, maumivu yakazidi. Walipodai fidia, ushahidi ulikuwa haba, na kanuni ilitaja miguu iliyoganda tu.

Kanuni ilibadilishwa mwaka 1998, miaka 48 baadaye. Tangu hapo kila mkono, mguu, sikio au pua hupimwa peke yake. Maumivu, ganzi au kutovumilia baridi ni asilimia 10. Ikiongezeka dalili moja, kama kucha kuharibika au ngozi kubadilika rangi, ni 20. Zikiwa mbili au zaidi, ni 30.

Umeona, msikilizaji? Kulalamika hakupandishi asilimia. Dalili iliyoandikwa na daktari ndiyo huipandisha.

Kwetu Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 pia hupima ulemavu kwa asilimia. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Wa sehemu hulipwa kulingana na asilimia yake. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12.

Kwa hiyo ukiumia kazini, mjulishe mwajiri mara moja. Nenda kliniki, taja kila dalili, hata ganzi ndogo, kisha utunze karatasi zako. Viatu vikilowa, vivue ukaushe miguu. Kiungo kilichoganda usikisugue wala kukiota motoni; mwone daktari.

Na kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kuwa askari, muulize leo miguu yake ikoje.