Charles Robinson: Daktari wa Maskwota Aliyekuwa Gavana wa Kansas

Charles Robinson alizaliwa mwaka 1818 huko Hardwick, Massachusetts. Maradhi ya macho yalimkatizia masomo ya chuo cha Amherst, ndipo akageukia udaktari na kutibu watu jimboni kwao kwa miaka kadhaa. Mwaka 1849 habari za dhahabu ya California zilimng'oa, akafunga safari ya nchi kavu pamoja na msafara wa watafutaji dhahabu. Njiani walipita Kansas, nchi ambayo baadaye ingempatia jina.

Huko California, mji wa Sacramento ulimfanya mwanasiasa. Wafanyabiashara walikuwa wamenunua viwanja kutoka kwa John Sutter, aliyepewa ardhi hiyo na serikali ya Mexico. Maskwota, yaani watu walioikalia ardhi hiyo bila hati, hawakuutambua umiliki huo, na Robinson akawa miongoni mwa viongozi wao. Agosti 1850 mgogoro uligeuka mapigano ya bunduki barabarani. Watu waliuawa, naye Robinson akapigwa risasi, kisha akafunguliwa mashtaka ya mauaji na kuwekwa rumande ndani ya meli iliyofanywa gereza. Wapiga kura wakamchagua akiwa humo humo kuwa mbunge wa jimbo jipya la California. Kesi ikafutwa.

Baada ya kurudi Massachusetts, alimwoa Sara Lawrence mwaka 1851. Mwaka 1854 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaachia walowezi wa Kansas waamue wenyewe kama utumwa uruhusiwe. Kampuni moja ya Massachusetts ilianza kupeleka wahamiaji wanaoupinga, na Robinson akiwa wakala wake. Mji wa Lawrence ulizaliwa hivyo. Wafuasi wa utumwa walivuka kutoka Missouri kwenda kupiga kura zisizo zao, naye Robinson akaagiza bunduki kutoka Massachusetts. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukimbilia vita: Desemba 1855, mji ulipozingirwa, yeye na kiongozi mwenzake wa wapinga utumwa, James Lane, walimshawishi gavana wa Kansas, Wilson Shannon, kutia saini mapatano.

Mapatano hayo hayakudumu. Wapinzani wa utumwa walimchagua Robinson gavana wa serikali yao, ambayo Washington haikuitambua. Mei 1856 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, Lawrence ikashambuliwa na nyumba yake ikachomwa moto. Alizuiliwa Lecompton hadi Septemba. Sara aliandika kitabu kuhusu mambo ya Kansas, kikachapishwa mwaka huo huo.

Kansas ilipokubaliwa kuwa jimbo mwaka 1861, Robinson alikuwa gavana wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akawa gavana wa kwanza wa jimbo la Marekani kushtakiwa na bunge ili aondolewe madarakani. Kisa kilikuwa uuzaji wa hatifungani za jimbo. Seneti ya jimbo iliwatia hatiani katibu wa jimbo na mkaguzi wa hesabu, lakini Robinson akaachiwa. Uhasama wake na Lane, aliyekuwa seneta huko Washington, ulichochea sana kesi hiyo, na ingawa alishinda, nyota yake ilififia.

Baadaye alikaa katika seneti ya Kansas, akatetea haki ya wanawake kupiga kura, na kutoa ardhi kwa chuo kikuu cha jimbo. Kuanzia 1887 hadi 1889 aliongoza Haskell, shule ya watoto wa Wahindi Wekundu mjini Lawrence. Kazi hiyo ilikuwa na kejeli yake: walowezi aliowaongoza walijenga juu ya ardhi iliyokuwa ya watu hao, na madai yao hakuyapigania kama alivyopigania ya maskwota wa Sacramento. Mwaka 1892 alichapisha kitabu kuhusu mapambano ya Kansas, akitetea upande wake dhidi ya sifa walizopewa Lane na mpinga utumwa John Brown. Alifariki karibu na Lawrence mwaka 1894.