Ramani na Moshi
Enzi ya ukoloni, Wazungu walijitengea magharibi mwa Nairobi, penye miti na viwanja vikubwa. Waafrika wakasukumwa mashariki, karibu na viwanda na reli. Lavington ni urithi wa ramani hiyo. Sheria iliisha, ramani ikabaki. Siku hizi anayeichora ni kodi ya nyumba.

Dada yangu ni mama fua huko, ana mimba ya miezi saba. Jioni anarudi Kawangware kwa miguu, kupikia jiko la makaa ndani ya keja. Bosi wake, mjamzito pia, anapikia gesi.

Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walikuta chembe za masizi kwenye kondo la nyuma, upande wa mtoto. Hewa chafu huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa chini ya kilo 2.5.

Jana nilimnunulia dada mtungi wa gesi. Nimechelewa miezi saba.