Bujumbura: Mtumbwi, Baiskeli na Kiswahili

Mgeni anayetalii Bujumbura huonyeshwa ufuo wa Ziwa Tanganyika, kisha hupelekwa Mugere, kusini mwa jiji, kulitazama jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunaona kwamba jiwe hilo linasimulia nusu tu ya habari. Novemba 1871 wasafiri hao walitoka Ujiji kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, wala hautoki. Majina yao yamechongwa jiweni. Ya wapiga makasia hayamo.

Hata hivyo, kumbukumbu ya watu wa safari imebaki katika lugha. Ujiji ulikuwa mji wa biashara na misafara, na Kiswahili kilikuwa lugha ya shughuli hizo. Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura, kama jiji lilivyoitwa hadi uhuru wa 1962, walikitumia Kiswahili katika utawala. Mpaka leo mtaa wa Buyenzi, unaosifika kwa mafundi magari, unajulikana kuwa mtaa wa Waswahili.

Ushahidi mwingine uko barabarani. Warundi huiita baiskeli ikinga, lakini pikipiki kwao ni ipikipiki, barabara ni ibarabara, na soko ni isoko. Kwa baiskeli hizo vijana huteremka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakiwa wamebeba ndizi na mkaa. Wakati wa kupanda hushikilia nyuma ya malori ili wavutwe. Mgeni hushangaa na kupiga picha. Kwa vijana wenyewe huo ni mkate wa kila siku, na wapo waliopoteza maisha katika kona za mlima ule.

Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, bajaji na pikipiki kuingia katikati ya jiji, kwa sababu ya ajali. Usalama ni jambo la msingi. Lakini waliosukumwa pembeni ni wale wale wanaobeba watu na mizigo, kama wapiga makasia wa 1871.

Hivyo basi, tunawashauri wanafunzi wetu watakaozuru Bujumbura: lioneni jiwe la Mugere, kisha nendeni Buyenzi na kwenye vituo vya baiskeli. Waulizeni waendeshaji wanaviitaje vyombo vyao na vipuri vyake, mkayaandike majibu. Historia ya Kiswahili katika maziwa makuu imo vinywani mwao, na haijachongwa jiweni.